Sababu zangu za kutomtuma Sivili Itebero

Mpendwa Furaha, mwanangu,

Odio yako, ule ujumbe wa sauti, imefika. Ilitukuta sokoni Kitshanga, pale kwenye mtandao, na mama yako aliisikiliza amesimama kati ya ndizi na maharagwe, simu sikioni, mkono mwingine umenyooshwa kuniambia ninyamaze, ingawa sikuwa nimesema kitu. Unasema mko wazima, wewe na mumeo, Mwalimu Bienvenu. Unasema watu wa Itebero ni wazuri, mvua ya msituni haijui kupumzika, na wagonjwa wako kwenye kituo cha afya wanakuita Mama ingawa wengine wangeweza kukuzaa. Halafu mwishoni kabisa, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani, unasema: "Papa, munitumie Sivili."

Nimekaa na neno hilo tangu siku hiyo. Ninakujibu kwa karatasi kwa sababu kwa odio mama yako angeniingilia kati, na kwa sababu kwenye karatasi mtu anaweza kukataa taratibu. Bahasha sina. Mama Zawadi, yule anayechukua fromaji yetu, hii jibini ya ng'ombe wetu, na kwenda hadi Hombo kutafuta mafuta ya mawese, ataiweka barua kwenye kikapu chake, na najua kwamba yeye, na dereva wa moto, ile pikipiki ya kukodi, na yeyote atakayekaa karibu naye kwenye boti ya Bukavu, wataisoma kabla yako. Ninawasalimu wote. Wawe mashahidi kwamba mzee huyu alikuwa na sababu.

Lakini kwanza nikukumbushe unamdai nani, maana naona umbali umekufanya umfikirie kama mbwa.

Siku uliyomleta, tulikuwa tumesimama barabarani kuisubiri diploma yako ya uuguzi. Ulishuka kwenye moto ukiwa na vumbi mpaka kwenye kope, ukafungua mkoba, na badala ya diploma kikatoka kichwa. Masikio ya popo. Macho yametokeza kama ya mtu aliyekalia kiti kilichovunjika. Mwili wote ungeenea kwenye sufuria ndogo na kifuniko kikafunga. Ulitueleza kwamba mwenye nyumba wako wa Goma alikuwa na mbwa jike wa aina hiyo, na alipozaa akakupa mmoja kukuaga. Mama yako aliangalia ndani ya mkoba, kisha akakuangalia wewe.

"Furaha, hii iko panya?"

"Iko mbwa, mama."

"Mbwa muzima?"

"Muzima."

"Ao walikupatia eshantiyo, mbwa yenyewe inakuya nyuma?"

Sampuli, kama kile kipande cha kitenge ambacho Mama Zawadi anakuonyesha kabla hajafungua mzigo. Ulicheka mpaka ukakaa chini barabarani na nguo zako za Goma. Mimi sikucheka. Nilikuwa najiuliza nitamwambia nini Mzee Bahati, ambaye amechunga ng'ombe wetu tangu hujazaliwa, na ambaye mbwa wake wanaweza kumrudisha fahali zizini kwa kumtazama tu.

Mzee Bahati hakucheka pia. Alimchukua kwenye kiganja, akampindua, akambonyeza mbavu kama anavyombonyeza ndama aliyezaliwa kabla ya siku zake, akatoa hukumu: huyu alikosa maziwa ya kwanza. Sisi watu wa ng'ombe ndivyo tulivyo. Kila kilicho kidogo kilikosa maziwa. Hatuna maelezo mengine. Mwanamke akiwa mfupi, alikosa maziwa. Kanisa likiwa dogo, nadhani hata lenyewe. Ulijaribu kumwambia, kwa heshima, kwamba kuna aina ya mbwa wasiokua zaidi ya hapo.

"Mutoto," akakujibu, "wewe ushugulikie watu. Ya wanyama utuachie."

Basi tukaanza kumkuza. Asubuhi na jioni alipewa maziwa ya ng'ombe wetu Gaju, ya moto bado kutoka kwenye kiwele, kwenye kifuniko cha bidoni, dumu la maziwa. Alikunywa. Kwa hilo hatuwezi kumlaumu. Tumbo likawa duara, miguu ikabaki kama njiti za kiberiti, akatembea kama bakuli lililojipatia miguu. Kila Jumapili baada ya misa Mzee Bahati alimsimamisha wima kwenye nguzo ya zizi na kukwaruza alama kwa kisu juu ya kichwa chake, vile watu wanavyowapima watoto. Alama ya Jumapili ya kwanza na ya Jumapili ya mwisho ziliangukia mahali pamoja. Nguzo ile leo ina shimo. Ukiiangalia ungedhani ni mchwa.

Siku daktari wa mifugo alipokuja kuchanja ng'ombe, ulikuwepo, ulishika kamba za ndama. Mzee Bahati alingoja mpaka kazi imalizike, akamletea mbwa akiwa amemfunika kwa kofia, kama mtu anayeleta ugonjwa wa siri. Daktari akamfungua kinywa, akamwangalia meno.

"Huyu iko na shida gani?"

"Hakomai," Mzee Bahati akasema.

"Alikomaa zamani. Hapa njo alifika."

"Alifika wapi?"

"Alifika mwisho, muzee wangu."

Wewe uliangalia mlima wa upande wa pili kwa bidii kubwa. Mzee Bahati alimfunika tena kwa kofia akaondoka naye. Jioni, wakati wa kukamua, alinisogelea na kuniambia polepole: "Papa Furaha, maziwa tumuendelezee. Daktari haiko Mungu."

Na jina. Usijifanye umesahau, maana jina la kwanza ulimpa wewe. Ulimwita Jenerali. Ulisema ni kwa sababu anatembea kifua mbele na hafanyi kazi yoyote. Sikukuzuia, hapa kwetu majenerali ni wengi, niliona mmoja zaidi hatabadilisha hali. Kosa letu ni kumpeleka sokoni na jina hilo.

Ulikuwa umebeba kikapu cha fromaji, mama yako mbele, mimi nyuma kidogo nikimsalimu mtu. Mbwa akajitupa kwenye dimbwi chini ya meza ya muuza samaki. Mama yako, ambaye sauti yake inavuka mabonde mawili, akaita: "Jenerali, we mujinga, toka kwenye matope." Alikuwa anapita mkubwa mmoja wa jeshi, sitasema wa jeshi lipi, siku zile ilikuwa vigumu kujua, na vijana wake wa bunduki nyuma. Akasimama. Akageuka polepole kama lori.

"Mama, ni nani njo mujinga?"

Ndipo mbwa akatoka mwenyewe chini ya meza, mweusi kwa matope, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye viatu vya yule mkubwa, akakaa, akaanza kumbwekea. Unajua kule kubweka kwake, kama mlango usiotiwa mafuta. Yule mkubwa alimwangalia kwa muda mrefu.

"Huyu njo jenerali?"

"Alikuwa, shefu," mama yako akasema. "Tangu sasa hivi iko sivili."

Kijana mmoja wa bunduki alishikwa na kikohozi akalazimika kugeuka. Wewe ulikuwa umeingiza uso wote ndani ya kikapu, na mabega yako yalikuwa yanatingishika. Nilisimama mbele yako wasione. Yule mkubwa akasema: "Basi mwambie sivili arudie nyumbani kwake." Tukarudi. Tangu siku hiyo ni Sivili, raia mtupu, hajarudishiwa cheo, na nikiangalia mambo yanavyokwenda, naona ni yeye peke yake katika Masisi aliyevua cheo bila mkutano wa amani.

Huyo ndiye unayemtaka.

Ulipoolewa ulitaka kuondoka naye. Mimi ndiye niliyesema ngoja kwanza. Bibi arusi hawezi kushuka kwa wakwe na kichwa cha mbwa kimetokeza mkobani. Wangesema tumewapa mke pamoja na mlinzi wake. Ukakubali. Ukapiga magoti kwenye nyasi na gauni lako la safari, ukamwambia kitu sikioni ambacho hakunipasa kukisikia, ukapanda gari. Alilikimbilia gari mpaka kwenye mikaratusi, maana yake hatua ambazo wewe ungemaliza ukiwa unapiga chafya, akarudi amechoka kama aliyetoka Kisangani.

Wiki ile alilala mlangoni pa chumba chako. Mama yako alisema tumwache atazoea. Hapa juu baridi unaijua. Asubuhi nilimkuta anatetemeka mpaka masikio yanapiga kelele, nikachukua soksi yangu, ile nzuri ya kijivu, nikaikata matundu ya miguu, nikamvika. Ilimkaa kama imeshonwa kwa ajili yake. Jumapili nilikwenda misa na soksi moja na nikakunja mguu mwingine chini ya benchi. Mama yako aliona. Mama yako huona kila kitu, ila huchagua siku ya kusema.

Kisha akahamia kwenye bote langu, buti la mpira ninalovaa zizini. Namna alivyochagua sijui. Labda ni joto, labda ni harufu, ingawa kwa kumheshimu ninasema ni joto. Siku moja niliingiza mguu gizagiza kabla ya kukamua, kitu kikaniuma kidole gumba, nikaruka mpaka nje na bote moja, nikidhani nyoka. Mzee Bahati aliniona nikicheza uwanjani. Hakuuliza. Alisema tu: "Papa Furaha, umeamka vizuri." Sasa kila asubuhi nabisha hodi kwenye bote langu mwenyewe.

Basi nije kwenye sababu.

Ya kwanza ni njia. Ile ya kukata moja kwa moja kupita Masisi mpaka Walikale tusiizungumze, unajua hali ya usalama. Inabaki kuzunguka: moto mpaka Goma, boti mpaka Bukavu, gari la mizigo mpaka Hombo, halafu tope mpaka kwenu. Mtu mwenye kifua kama ngumi ya mtoto ataifanyaje safari hiyo?

Ya pili ni wakwe zetu. Usikasirike, ninawapenda. Lakini Bienvenu mwenyewe alinieleza siku ya harusi kwamba wajomba zake ni wawindaji, wanaingia msituni na nyavu, na mbwa wao hawabweki, kwa hiyo wanafungwa kengele ya mti shingoni ili mtu asikie walipo kwenye majani. Nikamwuliza kengele ina ukubwa gani. Akanionyesha kwa mikono. Furaha, ile kengele Sivili anaweza kulala ndani yake. Na siku wajomba watakapomwona anapita uani, sina hakika watamhesabu upande wa mbwa. Nina hofu watamhesabu upande wa nyama.

Ya tatu ndiyo yenye uzito, na niliiweka ya mwisho nikijua itakunyamazisha. Sivili ana kazi.

Baada ya wewe kuondoka, Gaju alizaa ndama aliyekufa. Unamjua Gaju: bila ndama mbele yake anafunga maziwa, hata umwimbie. Mzee Bahati alifanya yanayofanywa. Alichuna ngozi ya ndama, akaijaza nyasi kavu, akaipaka chumvi, akaiweka mbele ya Gaju airambe, adhani mtoto yuko. Gaju aliinusa mara moja akatuangalia sote vile mwanamke aliyefiwa anavyowaangalia watu waliokuja kula tu. Maziwa hakuna. Siku ya pili hakuna. Kiwele kikaanza kuwa kigumu, na Mzee Bahati akaanza kuongea peke yake.

Siku ya tatu Sivili akapita. Akaiona ngozi iliyojazwa nyasi, akaona ni kitanda kipya, akapanda, akajizungusha, akalala. Chumvi ikamshika manyoya. Gaju akashusha kichwa. Ulimi wa Gaju, ukiupima, ni mrefu kuliko Sivili; alimramba mara moja toka mkia mpaka kisogo, na manyoya yote yakasimama upande mmoja. Nilidhani atakimbia. Alisimama wima, macho mbele, kama mtu anayepigwa picha ya karti ya kupiga kura. Gaju akaramba tena, akatoa ile sauti ya chini ya kifuani ambayo ng'ombe huwatolea watoto wao tu, na maziwa yakashuka.

"Simama hapo hapo," Mzee Bahati alinong'ona, akivuta ndoo kwa mguu. Sijui alikuwa anamwambia nani kati yetu.

Tangu siku hiyo anaripoti kazini asubuhi na jioni. Anarambwa mpaka analowa, anajikung'uta, anakwenda zake jikoni kwa mama yako kukauka, na uso wa mtu asiyependa kuulizwa. Mzee Bahati anasema yeye alijua tangu zamani: alilelewa kwa maziwa ya Gaju, basi ni mtoto wa Gaju, na daktari aje abishe. Sasa niambie wewe uliyesoma, nimtoe mtoto kwa mama yake?

Niliona nimemaliza. Nilitaka kutia sahihi hapo. Lakini jana nilimsomea mama yako hizi sababu, akiwa anafunga fromaji kwenye majani, na alisikiliza bila kuinua kichwa, jambo ambalo huwa si zuri.

"Gaju iko na mimba," akasema.

Ni kweli. Nilikuwa sijaliandika. Muda si mrefu ataacha kukamuliwa, apumzike mpaka azae, na Mungu akipenda atazaa ndama wake mwenyewe. Kazi ya Sivili imekaribia kuisha.

"Na odio uliisikiliza?" akaniuliza.

"Niliisikiliza."

"Mutoto alisema nini ju ya mbwa za huko?"

"Kwamba hazibweki."

"Wewe ukasikia nini?"

"Kwamba hazibweki."

Akaniangalia kwa huruma, vile unavyomwangalia mgonjwa aliyekunywa dawa ya kupaka. Akafuta mikono, akachukua simu, akaiweka kwenye meza, akaifungulia sauti yako tena. Sivili alikuwa kwenye bote. Aliposikia "Papa, mama, ni miye," alitoka na soksi yake, akaruka kwenye kiti, kisha kwenye meza ambayo anajua hapandi. Akaisikiliza simu amepinda kichwa. Halafu akaenda nyuma ya simu kukutafuta. Hukuwepo. Akarudi mbele, sauti ipo. Akaenda nyuma tena. Na wewe ulikuwa unaendelea, hujui, unasema Bienvenu anakaa shuleni mpaka jioni, unasema ukitoka kazini nyumba iko safi sana, hakuna cha kupanga. Unasema: "Huku mbwa hazibweki, Papa. Zinapita tu, unasikia mti unagonga, basi."

Mara zote nilikuwa nimelichukua hilo kama habari. Mimi ni mtu wa kukusanya habari; nililiweka pamoja na kengele na wajomba, nikaona litanisaidia kwenye sababu ya pili.

"Wewe unasikia mbwa," mama yako akasema. "Miye niko nasikia mutoto. Hapa alikulia kwenye makelele. Ng'ombe, miye, Muzee Bahati, ile kitu inalia kama mulango. Kule anarudia nyumba inanyamaza. Haombi mbwa. Anaomba kelele, na anasikia haya kuiomba."

Sivili alikuwa amekwisha kushuka mezani na kwenda mlangoni, akaangalia barabara, akabweka mara moja, si kwa mtu. Nilitoka nikaangalia ng'ombe ambao hawakuhitaji kuangaliwa.

Huko nje ndipo nilipozipima kwa haki sababu zangu. Njia ni mbaya, lakini Mama Zawadi huipita na mayai. Wajomba wa Bienvenu ni wawindaji, si vipofu. Gaju atapata ndama wake. Ukiziondoa hizo anabaki mtu mmoja mwenye soksi moja, anayeamka kabla ya jogoo na kubisha hodi kwenye bote, na akiitikiwa na kile kilio kidogo anaona nyumba bado ina mtoto ndani. Hiyo ndiyo sababu niliyokuwa nayo. Si sababu ya kumnyima mtoto mwenyewe.

Kwa hiyo atakuja.

Ila kuna jambo la desturi, na hapo ndipo nilipokwama mpaka asubuhi ya leo. Sisi na mama yako hatuwezi kukanyaga kwenye nyumba ya mkwe mpaka tuitwe kumwona mjukuu. Hivyo ndivyo ilivyo kwetu, na Bienvenu aliniambia kwao pia hawapendi kuona mzazi anamfuata binti kabla ya wakati. Inaonekana kama kwamba hatuwaamini, au tumekuja kuangalia sufuria zake. Sitaki watu wa Itebero wakuangalie vibaya. Kumpa Mama Zawadi mbwa kwenye kikapu, peke yake, kati ya fromaji na watu asiowajua, nimejaribu kulifikiria na nimeshindwa.

Nikachunguza desturi upande wa mbwa. Nilimwuliza Mzee Bahati, anayejua mambo ya zamani kuliko sote. Alitafuna bua lake kwa muda. Akasema hakuna popote aliposikia kwamba mtu amekatazwa kumsindikiza mbwa. Na akasema Hombo si nyumba ya mtu. Hombo ni soko.

Soko la mwisho wa mwezi huu, basi. Mwambie Bienvenu aombe ruhusa shuleni, na wewe kwenye kituo cha afya, mshuke mpaka Hombo asubuhi. Nitakuwa upande wa wauza mafuta ya mawese. Nitamkabidhi Sivili kwa Bienvenu, mkononi, mbele ya watu, kama mtu anayekabidhi mali ya familia. Maziwa mpe asubuhi tu, yakikosekana uji mwepesi. Kwenye mvua mvike soksi. Wajomba waambie jina lake kabla hawajamwona, na waombe, kwa niaba yangu, wasimfunge kengele. Yeye mwenyewe atawajulisha alipo, mchana na jioni, na watakapochoka watajua kwa nini sisi tulikuwa watu wavumilivu. Kama kule msituni wengine wataanza kujifunza kubweka kutoka kwake, nisilaumiwe mimi.

Nilipomwambia mama yako kwamba ninaondoka kumsindikiza mbwa, aliendelea kukunja nguo. Kisha nikaona kwamba nguo anazokunja ni zake.

"Na wewe unaenda wapi?"

"Ile mbwa inakunywa maziwa," akasema. "Nani atabeba maziwa yake?"

Kwa hiyo, mwanangu, mbwa mmoja mwenye uzito wa kuku atafika Hombo na wasindikizaji wawili wazima, mmoja wa kumbeba na mmoja wa kubeba maziwa. Mzee Bahati atabaki na ng'ombe. Amesema nikuambie kwamba alimpima tena Jumapili na anadhani ameongezeka kidogo.

Tutasimama barabarani, hatutavuka kwenda upande wenu. Mtu yeyote akiuliza, wa kwetu au wa kwenu, hatukuja kumwona binti yetu. Tumeleta mbwa. Na wewe ukifika, mwendee yeye kwanza, mshike, mfurahie, ili watu waone. Halafu mrudishe mkononi mwangu, ugeuke. Mama yako atakuwa nyuma yako kabisa, amenyoosha mikono kama mtu anayepokea mzigo, na akikushika kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kwa kukabidhi mbwa, wewe nyamaza, ukae hapo hapo. Mimi nitakuwa nawaonyesha watu mbwa.

Ni mimi,
Papa yako